Herufi Chini ya Benchi

Gunvor alipostaafu aliiuza nyumba yake ya mbao na kuchukua vyumba viwili mjini, nyuma ya maktaba. "Nafanya usafi wa kabla ya kufa," aliwaambia majirani, kama mtu anayesema anakwenda kununua maziwa. Huko Uswidi ndivyo wanavyouita uzee wa kugawa na kupunguza vitu vyako mapema, na hakuna aliyeshtuka.

Aliyemsaidia ni Hillevi, binti yake mdogo, ambaye alikuja kila siku akiwa kambeba mtoto wake Signe kifuani.

"Mama, vitu vyote hivi vinakwenda wapi?"

"Kila kitu kinajua kiendako. Nimeshaweka alama. Wewe funga vikombe."

Gunvor akatoka kumwaga takataka. Hillevi akamlaza Signe kwenye benchi la jikoni, lile la buluu lenye sanduku la kulalia chini ya kikalio, alimolala yeye utotoni kila alipougua. Njuga ya mtoto ikaanguka. Alipoinama kuiokota akaona, upande wa chini wa benchi, kipande cha utepe wa karatasi na herufi moja ya wino mzito: L.

L. Linnea.

Roho ikamchoma. Akageuza birika la shaba: L. Akapapasa nyuma ya saa ya ukutani: L. Kinara cha mishumaa, sahani za maua, L, L. Akawa anapekua kama mtu anayesaka kunguni. Akatafuta H. Hakuna hata moja.

Linnea, dada yake, alikuwa daktari wa meno jijini Gothenburg. Alipiga simu Jumapili tu, na mama alizungumza naye akiwa amesimama wima, utadhani yuko na waziri. Nani aliyebeba maboksi? Nani aliyesugua madirisha huku maziwa yakimvuja kwenye blauzi? Na benchi! Linnea hakuwahi hata kuugua.

Mkono wake ukatenda kabla hajaukataza. Akabandua L ya benchi, akaangaza macho, akaona kigoda kibovu kando ya jiko, kimoja kati ya vichache visivyo na alama, mguu mmoja mfupi. Akaibandika hapo. "Haya, Daktari," akanong'ona, "kalia hicho."

Hakulala vizuri siku zile. Kila alipomnyonyesha mtoto aliliona benchi katika nyumba ya Linnea, limewekewa vitabu vya picha ambavyo hakuna anayevisoma.

Jumamosi Linnea akafika, na nyuma ya gari lake kuna trela tupu.

*Amekuja na trela kabisa,* Hillevi akawaza.

"Mdogo wangu! Mbona umekonda?"

"Wengine tunafanya kazi, dada."

Kabla Linnea hajajibu, lori la klabu ya mpira ya kijiji likaingia uani. Börje, mweka hazina wa klabu, akashuka akipangusa mikono. "Tubebe vitu vipi, Gunvor?"

"Vyote vyenye L. L ya loppis."

Loppis, lile gulio la mitumba ambalo klabu hufanya kila kiangazi. Hillevi akahisi masikio yakiwaka. Akamtazama dada yake. Linnea alikuwa mwekundu hadi shingoni.

"Mama," Linnea akasema polepole, "Pasaka nililiona benchi. Nikadhani L ni mimi. Nimekodi trela!"

Gunvor akacheka mpaka akashika ukuta. Halafu akamwona Börje akitoka na kigoda. "Börje! Rudisha hicho kigoda! Baba yao alikichonga mwaka wa harusi yetu, nahama nacho. Nani amekibandikia L?"

Signe akapiga chafya.

"Mimi," Hillevi akasema. "Niliitoa kwenye benchi. Nilitaka Linnea apate kibovu."

"Mungu wangu, wewe mtoto!" Linnea akaguna. "Na mimi kila Jumapili nasikia Hillevi kaleta supu, Hillevi kafanya hiki, mpaka natamani kukata simu."

Hillevi hakujua kama acheke au alie. "Mama, benchi nalitaka mimi. Nimelitaka siku zote."

"Sasa kwa nini hukusema? Ulipohama uliniambia hutaki makorokoro ya kizamani. Nikaona afadhali liende gulioni kuliko kukulazimisha."

Gunvor akachukua utepe na kalamu, akaingia jikoni, akapiga magoti kwa taabu kando ya benchi. Safari hii aliandika jina zima, HILLEVI, polepole, kama anayeogopa kukosea tena. Linnea akashika upande mmoja wa benchi, wakalipakia kwenye trela walipeleke kwa Hillevi.

"Na wewe usirudi mikono mitupu," Gunvor akamwambia Linnea, akamtilia birika la shaba kwapani.

Hillevi akatabasamu. Lilikuwa birika zuri kweli. Akalitazama mpaka mlango wa gari ukafungwa, kisha akambusu mwanawe utosini, akaenda kukaa mbele, karibu na dada yake.