Dinari Chini ya Sakafu

Binti alimulika taa kutoka ubavuni, maana dinari iliyochakaa ukiimulika kwa juu huoni kitu. Ilipita mikono mingi ya Warumi mpaka ikabaki laini kama kipande cha sabuni. Herufi zote zilikuwa zimefutika. Lakini mwanga wa ubavuni ulitoa nywele za mawimbi, kisha kifundo kikubwa cha nywele kisogoni. Alilinganisha na picha za kitabuni, akarudia. Sura ile ilikuwa ya malkia, tena wa miaka mia baada ya tarehe ya ujenzi aliyoishikilia baba yake maisha yote.

Na dinari yenyewe ilichimbuliwa chini ya sakafu ya magofu ambayo hapo kabla ilikuwa haijawahi kuvunjwa. Kwa hiyo sakafu ilijengwa baadaye, kama alivyosema baba mdogo tangu mwanzo. Ndugu wawili hao, wachimbaji wa magofu wenye shahada ukutani, walinuniana kwa ajili ya sakafu mpaka mdogo akafa. Watu husema wagombanao ndio wapatanao, hawa hawakupatana. Baba hata mazikoni hakwenda.

"Baba, ni mwanamke," alimwambia. "Kifundo hicho hapo."

Mzee alishika lenzi, akatazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Alikuwa sahihi," alisema. "Kamwambie mama yako mdogo."

"Twende wote."

"Magoti yananiuma. Nenda wewe."

Magoti! Jana yake mzee huyo huyo alishuka shimoni kwa ngazi bila kushikwa mkono. Binti alimeza hasira, akachukua picha ya dinari, akaenda peke yake.

Mama mdogo, mjane wa baba mdogo, alikuwa anaanua nguo. Alisikiliza mpaka mwisho, akaitazama picha, akairudisha.

"Hongera kwa kazi, mwanangu. Lakini mume wangu hakuwa na shaka na sakafu yake. Siku za mwisho, mlango ukigongwa tu, ananiambia nikaangalie kama ni kaka yake."

"Baba amekiri alikosea, mama."

"Amekiri kwa nani?"

Binti aliona aibu, aibu ya mtu mwingine, akainamisha kichwa.

"Yuko wapi sasa hivi?" aliuliza mama mdogo.

"Nyumbani."

Mama mdogo alikunja shuka, akaliweka juu ya mengine.

"Mwambie aliyekuwa anamngoja ameshakufa," alisema. "Mimi simngoji."