Viputo Vitupu

Mdogo wangu ni dereva wa malori, na anadhani kila jambo linatatuliwa kwa kuondoka. Mwalimu alipomwambia kwamba binti yake yuko darasa la tatu na bado hajui kusoma, hakukaa hata kunywa maji. "Dada, muhula ukiisha nampeleka shule ya bweni. Huku unamdekeza."

Namdekeza! Mtoto nimemlea tangu mama yake afariki, leo naambiwa namdekeza. Nilimeza maneno yangu kwa sababu mtoto mwenyewe alikuwa mlangoni anasikiliza. Lakini bila yule mtoto, nyumba hii ningeifanyia nini mimi?

Tunamwita Kidomo, kwa kuwa anaongea tangu anaamka mpaka anasinzia. Akishikishwa kitabu cha shule ndipo anakuwa bubu.

Mimi kazi yangu ni kiwandani, tunakochapa vitabu. Nakunja kurasa na kuzibana pini. Katuni zetu zinatoka kwa lugha kadhaa, kwa hiyo picha hupita mashineni kwanza, maneno huja mwisho. Nikaanza kumletea Kidomo nakala zilizoharibika. Namsomea habari za mbuzi mpelelezi, nikifika pale mbuzi amekabwa na mwizi, nafunga kitabu naenda kuosha vyombo. Ukatili, najua. Alinifuata jikoni akisoma kwa sauti, nikafurahi weee, kumbe anaangalia picha na kutunga. Alitunga vizuri hasa, ila hakusoma hata neno moja.

Kisha nikaboronga kazini. Nilichukua rundo ambalo halijachapwa maneno, nikalikunja na kulibana lote huku napiga soga na mwenzangu. Msimamizi alipofungua, viputo vyote, vile viduara vya maneno yanayotoka mdomoni, vilikuwa vyeupe. Alinisema mpaka masikio yakawaka moto. Nikamwomba nakala chache. Alinitazama sana, akanipa.

"Shangazi, hawa mbona hawasemi kitu?" Kidomo akauliza.

"Wanakusubiri wewe."

Usidhani nilikuwa na mpango. Nilikuwa nimechoka, nataka kukaa tu. Lakini mtoto mwenye domo kama lile hawezi kumvumilia mbuzi aliyenyamaza. Akachukua penseli. Kila neno alinidai herufi zake, mpaka nikatamani kuhama nyumba. Baadaye akataka kujua mbuzi wa kwenye nakala zenye maneno alisema nini, amlinganishe na wake. Akapitisha kidole chini ya mistari, akaguna, akarudia.

"Wangu anachekesha zaidi," akatangaza. Na kweli.

Muhula ukaisha, mdogo wangu akaja na sanduku jipya la bati.

"Shikamoo baba," Kidomo akasema, akamwekea mapajani kimoja cha vile alivyojaza.

Baba yake akafungua, akacheka, akafunua tena. Halafu akafika pale mbuzi mdogo anapomwambia mbuzi mkubwa, kwa herufi zilizolala upande: "Baba, huko bweni nitaongea na nani?"

Kicheko kikamkauka.

"Nani kakuandikia hii?"

"Mimi."

Nikafungua mdomo.

"Dada, nyamaza kwanza."

Akaomba penseli. Kiputo cha mbuzi mkubwa kilikuwa bado kitupu. Akakijaza taratibu, kiganja kimeziba nisione, akamrudishia mwanawe kitabu.

"Soma. Kwa sauti."

Nilisimama na kitambaa cha vyombo mkononi. Niliogopa asiweze kusoma, na niliogopa aweze, maana sikujua kimeandikwa nini.

"U... uta... utaongea." Akameza mate. "Utaongea na sha... shangazi yako, hapahapa."

Nikashika meza.

"Bado," baba yake akasema. "Kuna mstari wa chini."

Kidomo akashusha kidole.

"Na mimi... uwe... una... uwe unaniandikia."

Mdogo wangu alikuwa ameshageukia dirishani, anafuta uso kwa mkono wa shati. Mimi nililia palepale, mbele yao, bila aibu yoyote.