Laptopu ya Mwalimu Ruguru

Kaari alikuwa ndiyo amefungua kibanda chake cha kutengeneza kompyuta sokoni Kiritiri wakati Mwalimu Ruguru alipoingia, laptopu ameikumbatia.

"Haiwaki. Jumapili niliizima ikiwa sawa. Jana jioni nikibonyeza, hakuna kitu. Na Ijumaa napeleka utafiti wangu chuoni, Embu."

"Kazi umeihifadhi mahali pengine? Kwa flashi?"

"Sura tatu tu. Mbili za mwisho ziko humo." Miaka minne alikuwa amesoma likizo baada ya likizo.

"Iliwahi kuanguka? Kumwagikiwa na kitu?"

"Hapana. Inakaa juu ya kabati."

Kaari alijaribu chaja yake mwenyewe. Akatoa betri, akabonyeza kitufe nusu dakika nzima, akairudisha. Taa ndogo ya ubavuni haikuwaka.

"Nenda ufundishe, mwalimu. Rudi saa tisa. Nitaifungua."

Kaari alipotoa kibao cha herufi, harufu ya maziwa yaliyochacha ilimpanda puani. Chini yake, bodi ilikuwa na doa la kahawia linalonata. Chai, tena ya sukari nyingi.

Karibu saa sita mwanamume wa makamo alisimama mlangoni, kofia mkononi, buti zimejaa vumbi la shamba.

"Mimi ni Nthiga, mume wa Mwalimu Ruguru." Aliiona laptopu imefunguliwa, akainama. "Umeshaona."

"Nimeona chai."

"Ni mimi. Jana akiwa shuleni niliiteremsha. Aliniambia ameniandika mwanzoni, pale pa shukrani. Nikataka kuona jina langu. Nikiwa bado natafuta, kikombe kikateleza. Nikapanguza, nikairudisha juu. Fundi, usimwambie."

"Sitatangulia kumwambia," Kaari alisema. "Lakini akiuliza, siwezi kumdanganya. Ni kazi yake."

Nthiga hakuondoka. Kaari alimpa tochi ya simu amshikie, naye akaishika kwa mikono miwili huku Kaari akisugua bodi kwa mswaki na spiriti. Walipoiunganisha tena, feni ilizunguka mara moja, ikasimama. Walijaribu tena. Kimya.

"Bodi imekufa," Kaari alisema. Alipoona uso wa Nthiga, aliharakisha: "Lakini kazi haikai kwenye bodi. Iko kwenye diski."

Alifungua skrubu mbili, akachomoa diski nyembamba, akaiunganisha na kompyuta yake. Majina ya faili yakajipanga kwenye skrini. Sura ya nne ilikuwepo. Ya tano pia.

"Nikufungulie zile shukrani?"

Nthiga alitikisa kichwa. "Wacha mwenyewe aje."

Saa tisa Ruguru alipomkuta mumewe pale, alisimama ghafla. Nthiga aliinuka kabla hajaulizwa.

"Mama Gichovi, ni mimi niliimwagia chai."

Ruguru alimtazama kwa muda mrefu. "Jana nimelia mbele yako. Ukaniuliza kama nimejaribu soketi ingine."

"Niliogopa."

"Na mimi je?"

Kaari alimgeuzia mwalimu skrini. Ruguru aliketi, akasoma sura ya tano mpaka mstari wa mwisho, kisha akafunika uso kwa viganja na kulia. Alipomaliza, alimuuliza mumewe kwa nini aliigusa laptopu. Nthiga akamweleza.

Ruguru alifungua faili ya mwanzo hadi ukurasa wa shukrani, akasogea kidogo kwenye benchi.

"Kuja basi."

Nthiga alisoma polepole, midomo ikicheza: kwa mume wangu, aliyekamua ng'ombe na kupika ili mimi nisome. Akasoma tena.

"Sijakusamehe," Ruguru alisema.

"Najua."

Laptopu ile haikuwaka tena. Jumatano na Alhamisi Ruguru alimalizia kazi kwenye kompyuta ya Kaari baada ya masomo, na nyumbani hakuongea sana. Ijumaa alfajiri Nthiga aliamka kwanza, akampigia pasi gauni. Ruguru alipofika chuoni na kukabidhi nakala tatu, alimpigia simu mumewe kabla hata hajatoka kwenye ngazi.

"Wamepokea," alisema. "Umekula?"