Matikiti ya Sange Yalivyozaa Morningside

Mwaka 1998, mwezi wa kumi, Laurette alirudi kutoka saluni ya South Beach alikokuwa akisuka nywele, akamkuta Tantine Spès ameketi mlangoni, kinu katikati ya miguu. Tantine, mdogo wa marehemu mama yake, alikuwa na majuma machache tu Durban. Alitoka Sange, kule Kongo, kwa mabasi na malori. Siku hiyo alitaka kutwanga mbegu za kutia kwenye sombe, mboga ya majani ya muhogo. Laurette alichungulia kinuni, akapiga ukelele.

"Tantine, ngoja! Hizi si mbegu za matikiti ya Bibi?"

"Ndizo. Nilibeba za kutafuna njiani. Zimebaki hizi tu."

Laurette alikuwa ameshatia mkono kinuni. Mbegu zilikuwa nyekundu, zina ukingo mweusi, na hakuna tikiti la dukani Durban lililokuwa na mbegu kama zile. Kila mwaka kule Sange, Bibi, mama yake Tantine, alichagua tikiti tamu kuliko yote, akalitoa mbegu na kuzianika, kama mama yake alivyomfundisha. Nyama yake ilikuwa ya manjano kama kiini cha yai. Laurette hakuwa ameionja tangu aolewe.

"Sombe tutakula hivyo hivyo," alisema. "Hizi napanda!"

Yeye na mumewe Pacifique walipanga vyumba viwili nyuma ya nyumba moja ya Morningside, palipo na mteremko mkali. Mama mwenye nyumba aliwaruhusu kutumia kipande kilichoota magugu. Pacifique, mfanyakazi wa kiwanda cha rangi huko Jacobs, alilima siku yake ya mapumziko huku akinung'unika kwamba udongo ule ni simiti. Lakini ndiye aliyeleta mbolea ya kuku, na ndiye aliyeamka mapema kila siku kuchungulia.

"Laurette! Njoo! Imetoka!"

Laurette alitoka mbio bila viatu. Vijani viwili vinene vilikuwa vimepasua udongo, na kimoja bado kilikuwa kimevaa ganda jekundu la mbegu kama kofia. Walicheka mpaka Tantine akatoka kuuliza kuna nini.

Mvua zikaja, mimea ikatambaa kote. Maua ya manjano yakafunguka, na nyuma ya baadhi yake palikuwa na kitikiti kidogo kama zeituni. Kisha vile vitikiti vikaanza kunyauka na kuanguka, kimoja baada ya kingine. Laurette aliviokota akitaka kulia.

"Nyuki hawaji hapa," Tantine alisema. "Tutafanya kazi yao sisi wenyewe. Leta lile ua lisilo na tumbo."

Tantine alilibandua petali zake, akaligusisha taratibu ndani ya ua lenye tumbo, unga wa manjano ukabaki humo. Tangu hapo, kabla ya kukimbilia taxi ya kwenda mjini, Laurette alipita bustanini kuozesha maua. Pacifique alimwita mchungaji wa ndoa za matikiti. Vitikiti havikuanguka tena. Vilifika ukubwa wa yai, wa ngumi, wa kichwa cha mtoto, na kila jioni Laurette alivipapasa kama mtu apimaye mkate kama umeiva.

"Sasa tukate moja," Pacifique aliomba mwezi wa kwanza ulipoanza.

"Kakamba kale karibu na kikonyo hakajakauka, bado haijaiva. Subiri!"

Jumapili moja walikuwa wakirudi kutoka kanisani walipomsikia Respicius akipiga kelele. Respicius alikuwa mwanafunzi kutoka Bukoba, amepanga chini kidogo ya mteremko.

"Dada Laurette! Kimbieni! Tumbili wako bustanini!"

Kundi zima lilikuwa juu ya ukuta na kati ya majani. Tumbili mmoja mkubwa alikuwa ameng'ata kikonyo cha tikiti na kulivuta. Tikiti lilimponyoka, likaviringika, likashika kasi mteremkoni na kuruka ngazi moja hadi nyingine, Laurette akilifuata na viatu vya kanisani mkononi. Lilijipiga mlangoni kwa Respicius, pwaa! Likapasuka.

Laurette alisimama hapo akihema. Sakafu yote ilikuwa ya manjano.

"Limeoza?" Respicius aliuliza kwa huruma. "Mbona si jekundu?"

"Ni ya manjano!" Laurette alipiga kelele. "Tantine! Iko ya manjano! Imeiva!"

Alichota kipande, akakitia mdomoni. Utamu ukampanda mpaka masikioni. Aliruka pale pale huku maji yakimchirizika kidevuni, akamlisha Respicius kwa mkono wake, naye akafumba macho.

"Aisee, dada! Hii asali!"

"Eish, mnakula na mengine yanaisha huku!" Pacifique alifoka kutoka juu. Alikuwa akizungusha koti lake la kanisani kufukuza tumbili, huku Tantine Spès akigonga sufuria na kuwatukana kwa Kifuliiru. Laurette na Respicius wakapanda mbio. Walikata yote yaliyobaki, wakayakumbatia na kuyaingiza ndani, na tumbili wa mwisho akabaki ukutani akiwatazama kwa hasira.

Mchana ule mama mwenye nyumba alikuja na kisu kikubwa, majirani wakafuata harufu na vicheko. Kila aliyekula aliombwa kutema mbegu kwenye bakuli. Tantine alikula, macho yakimlengalenga, kisha akanyoosha mkono kuomba kipande kingine, na kingine.

"Mama angefurahi," alisema. "Hata hao tumbili angewacheka."

Respicius alichota konzi ya mbegu, akaziosha bombani.

"Dada, nikipanda leo zitaota?"

"Joto bado iko," Laurette alijibu, akavua kitenge cha kanisani na kufunga cha kazi. "Jembe liko wapi?"