Mikono Isiyolowa

Siku ya kliniki ya bure, Roselòr alikuwa wa kwanza kufika kwenye uwanja wa kanisa la kijiji chetu, Mòn Kalbas. Alifagia, akapanga mabenchi sita, akajaza ndoo yenye koki, akaweka kipande cha sabuni juu ya kigoda, kisha akavaa aproni yake ya bluu ya mhudumu wa afya. Mfukoni mwa aproni mlikuwa na kadi arobaini za namba. Madaktari wa kujitolea walipanda mlima mara moja kila miezi mitatu. Waliona watu arobaini, na saa sita mchana waliondoka, kwa sababu mvua ya alasiri huujaza mto na gari haliwezi kuvuka.

Mòn Kalbas watu huenda kwa daktari kama waendavyo misani. Ndivyo tulivyolelewa. Asubuhi ile mstari ulijaa mashati yaliyopigwa pasi, kofia, soksi nyeupe na marashi. Mtu mmoja mwenye homa alitetemeka ndani ya koti alilofungia ndoa. Wiki nzima viatu vilikuwa vikiazimwa kutoka nyumba hadi nyumba, na waliovikosa walibaki nyumbani na magonjwa yao.

Saa mbili alifika Klemans, amembeba Mirlanda, mtoto wake wa mwaka mmoja na nusu. Kandambili yake ilikuwa imekatika mteremkoni, kwa hiyo alikuja pekupeku, tope hadi vifundoni. Gauni lake lilikuwa na madoa, kwa sababu mtoto alikuwa akiharisha.

"Klemans, hiyo miguu unamletea daktari, au umetoka nayo kupanda viazi?" mtu akauliza kutoka mstarini.

"Mwacheni, amekuja na shamba lake lipimwe."

Tulicheka. Hata wenye kikohozi walicheka, wakakohoa, wakacheka tena.

Roselòr hakucheka. Alikuwa mama wa ubatizo wa Mirlanda. Yeye na Klemans waliitana komè, kama ilivyo desturi ya mama mzazi na mama wa ubatizo. Alimvuta pembeni.

"Komè, si hivi. Si leo, mbele ya wageni."

"Mtoto anaharisha tangu juzi, komè."

"Najua. Ni wangu pia. Lakini watasema tunaishi kama nguruwe, na mimi ndiye ninayewafundisha watu usafi hapa. Watanitazama mimi. Nenda ukanawe, uazime viatu kwa dada yako. Kadi yako hii hapa, thelathini na moja. Nakutunzia."

Klemans aliitazama kadi ikirudi mfukoni. "Usiisahau, komè," alisema, akashuka.

Dada yake aliishi ng'ambo ya korongo, mwendo wa karibu saa mbili. Ilipofika saa tano, kadi zote zilikuwa zimekwisha isipokuwa ile moja. Akafika mke wa katekista, amevaa kofia yenye ua la kitambaa, akilalamikia goti.

"Roselòr mwanangu, usiniache nimesimama hapa kama mwuza mkaa."

Roselòr aliitazama njia. Ilikuwa tupu. Akampa thelathini na moja.

Klemans alirudi saa sita na nusu. Miguu alikuwa ameisugua mpaka inang'aa, na alivaa viatu vya shemeji yake, vikubwa, vimejazwa majani makavu ya mgomba ili visimvuke. Gari lilikuwa limeshavuka mto. Roselòr alikoroga maji, sukari na chumvi kwa vipimo alivyokuwa akivifundisha kila mwezi, lakini Mirlanda hakumeza tena. Mvua ilipokatika, alikuwa ameshafariki.

Kwa kuwa alikuwa mama wa ubatizo, Roselòr aliombwa amwoshe mtoto. Alipotia mikono kwenye beseni, maji yalijitenga. Yalirudi pembeni, yakaacha shimo lenye umbo la mikono miwili, na chini ya shimo likaonekana ua lililochorwa kwenye beseni, kavu kabisa. Aliitoa mikono, akaitia tena. Ikawa vilevile. Bibi wa mtoto, aliyekuwa ameshika taulo, alisubiri kidogo.

"Sogea basi," alisema. "Maji yanapoa."

Bibi ndiye aliyemwosha.

Tangu siku hiyo maji hayakuigusa mikono ya Roselòr. Mvua ilimlowesha kichwa na mabega, ikatiririka hadi vifundo vya mikono na kukomea hapo. Kunywa alikunywa bila tabu. Jirani alimwoshea vyombo, naye akawa anaisugua mikono kwa majivu. Mjomba Ilarion, mzee aliyefuga mbuzi nyuma ya kanisa, alimtazama siku moja akihangaika kisimani, akamwambia asijali, kwani hata beberu wake hapendi maji na anaishi vizuri tu.

Mafunzo hakuyaacha, kwa sababu hakukuwa na mwingine aliyesomea. Kila Jumamosi aliwakusanya watoto na kufungua koki. Maji yalishuka, yakafika kwenye mikono yake, yakapinda na kuanguka chini. Aliendelea kufundisha: viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, vidole gumba, kucha. Watoto walimwiga. Baada ya wiki chache walikuwa wakifanya hatua zote nyumbani bila kuruka hata moja, na bila maji, kisha wanakaa kula shelisheli ya kuchemsha. Mama zao waliwasifu, maana kisima kiko mbali.

Sala za siku tisa za kumwombea Mirlanda zilipita bila Roselòr kuhudhuria. Katika mwezi wa pili tangu mazishi ndipo alipokwenda, alasiri, akasimama nje ya ua wa dungusi wa Klemans. Desturi yetu ni kwamba anayefika huita "Heshima!" na aliye ndani hujibu "Staha!" Bila jibu hilo hakuna anayeingia, hata kama nyumba inaungua.

"Heshima!" aliita.

Ndani palikuwa na mlio wa mbaazi zikipepetwa. Ukanyamaza.

"Heshima!"

Mlio ukaanza tena. Roselòr alisimama pale hadi kuku wa Klemans walipoanza kupanda mtini kulala.

"Heshima, komè."

"Staha," alisema Klemans, bila kuinua macho kwenye ungo.

Roselòr akaingia, lakini hakukaa.

"Nimekuja kwa ajili ya ile kadi. Nilimpa mtu mwingine."

"Najua. Goti limepona. Namwona akicheza kanisani."

Roselòr alinyoosha mikono yake. "Maji yananikataa."

"Nimesikia."

Klemans aliweka ungo chini, akachota kata ya maji mtungini na kuyamimina juu ya mikono ile. Yaligawanyika, yakaanguka chini. Akachota tena, akamimina polepole, kama mtu anayemwagilia mche. Alifanya hivyo mpaka mtungi ukabaki nusu.

"Siyazuii mimi," alisema. "Usidhani ni mimi."

"Sikudhani."

"Ulidhani. Ndiyo maana umekuja." Alitundika kata mahali pake. "Na mimi ndiye niliyeshuka, komè. Ningeweza kukaa palepale na tope langu mpaka daktari anione. Walipocheka, nikaona aibu. Aibu ikawa nzito kuliko mtoto."

Roselòr akakaa karibu na ungo. Alimsaidia kuchagua mbaazi hadi giza lilipoingia, kwa sababu kazi hiyo haihitaji maji.

Kliniki ilirudi kwa wakati wake. Daktari, msichana mrefu wa mjini, alishuka garini na buti zenye tope hadi vifundoni, kama ilivyokuwa kawaida yake. Aliitazama mikono ya Roselòr chini ya koki, akageuza viganja, akaandika "ngozi kavu", na kumpa kopo la mafuta ya mgando.

Roselòr aligawa kadi zote isipokuwa moja. Thelathini na moja aliibakisha mfukoni makusudi. Saa nne akaja Mjomba Ilarion, pekupeku, ameshika kifua.

"Karibu, mjomba," Roselòr alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Kadi yako hii hapa. Pita ukae."

Hakuna aliyecheka. Ilarion aliipokea kadi, kisha akautazama mstari kuanzia mwanzo hadi mwisho. Viatu vyote vilikuwa vimepakwa rangi. Klemans naye alikuwepo, amevaa vile viatu vya shemeji yake, ambavyo sasa vilikuwa vyake. Mzee akaitazama miguu yake mwenyewe.

"Nimesahau kitu nyumbani," alisema.

"Kitu gani, mjomba?"

"Kitu tu." Akamrudishia kadi. "Nitunzie."

Roselòr aliipokea. Alimtazama akishuka mpaka alipopotea kwenye kona, kisha akasogea kwenye ndoo, maana saa ya kuwafundisha waliosubiri kunawa mikono ilikuwa imefika. Akafungua koki. Maji yalifika kwenye mikono yake, yakapinda, yakaanguka ardhini, yakafanya kijito chembamba cha tope kilichokuja polepole kuelekea kwenye mabenchi.

Sote tukainua miguu, Klemans pamoja nasi, viatu visichafuke.