Neno la Siri la Bibi Harusi

Kwenye shughuli za akina mama, Tufaha mpiga picha alikuwa na kawaida moja isiyovunjwa: kila simu iliingia kikapuni mlangoni, hata ya mama wa bwana harusi. Ndani mabuibui yalivuliwa, nywele zikafunguliwa, watu wakacheza. Kamera ilikuwa moja tu, ya kwake.

Picha alizifunga kwa neno la siri kabla ya kuzipandisha mtandaoni, ili hata kampuni inayozihifadhi isiweze kuzifungua. Neno lile walilijua wawili, yeye na bibi harusi. Ulikuwa usumbufu mtupu, wala Tufaha hakubisha. Mwaka jana yeye na bibi harusi mmoja walilisahau wote, picha zikapotea jumla. Walilia pamoja. Utaratibu hakuubadili.

Sasa Alamin, shemeji yake Ruaa, alikuwa amesimama dukani kwa Tufaha, mtaa wa Isevya, bajaji ikimsubiri nje. Ruaa aliolewa Jumamosi na ndugu yake Alamin, na Alamin ndiye aliyegharimia. Alitaka linki ya kawaida, mtu abonyeze mara moja aone, aitupie kwenye kundi la familia lenye watu arobaini. Ruaa mwenyewe, alisema, hana pingamizi.

"Basi aniambie mwenyewe," alisema Tufaha.

Alamin akacheka. "Dada Tufaha, si neno la siri unalo?"

"Ninalo, kaka. Na sikupi."

Kicheko kikakatika. Akamkumbusha kwamba ukoo wao uko Tabora tangu enzi za misafara, na kwamba akitamka tu, hakuna harusi ya jamaa zao atakayoitwa tena. Harusi hizo ndizo zilizokuwa zikimlisha Tufaha. Lakini hasira ilikuwa imeshampanda. Wanawake wale walitoa simu zao mlangoni wenyewe, halafu huyu awaanike wote kwa kidole kimoja?

"Mama yako alikuwemo," alisema. "Mpigie hapa hapa, umuulize kama yuko radhi watu arobaini wamwone bila buibui."

Alamin akatoa simu, akaitazama, akairudisha mfukoni. Bajaji ikaondoka naye.

Siku tatu hakuja mteja. Ya nne akaingia Bi Azhar, mama yake Alamin. Tufaha akatoa shikamoo. Bi Azhar akaitikia marahaba, akauliza kama ni kweli amemnyima mwanawe. Ni kweli, Tufaha alijibu. Basi, akasema mama yule akivuta kiti, amwonyeshe yeye picha zake tu, hata tatu.

Ingekuwa rahisi mno. Picha tatu, na angepata mtetezi mjini.

"Niwie radhi, mama. Mpaka Ruaa aseme."

Bi Azhar akafungua mkoba. Akatoa simu yake, akaiweka ndani ya kikapu kilichokuwa juu ya meza.

"Binti yangu Haifa anaolewa baada ya Idi," alisema. "Picha utapiga wewe. Na safari hii nitacheza bila kuangalia nyuma kamera iko wapi."