Ya Kwanza ya Mwanga

Bwana Wati aliniwekea flashi mbili juu ya kaunta, moja kubwa na moja ndogo, akakunja mikono kama mtu anayengoja kubishiwa. Anakodisha vifaa vya kupigia picha, na jina hilo tulimpa sisi wapiga picha, kwa kuwa hana mazungumzo yasiyoishia kwenye nguvu ya taa, wati ngapi.

“Unakwenda kumpiga nani?” aliuliza.

“Mama.”

“Wapi?”

“Juu ya paa, jua likiwa kali, katikati ya mashuka.”

Alijikuna kidevu. Mama yangu ni dobi, na mashati ya Bwana Wati karibu yote yamepita mikononi mwake.

“Mama yako hatulii,” alisema.

“Hatulii. Halafu nataka acheke.”

“Basi chukua hii ndogo, wala usijiulize. Huyu mkubwa ana kifua, jua halimtishi. Lakini akishawaka kwa nguvu zote lazima avute pumzi. Unangoja mpaka kitaa cha nyuma kigeuke kijani. Sasa kicheko kitakungoja wewe na kitaa chako?”

Nilimsikia vizuri kabisa. Lakini mimi nikiogopa huwa mkaidi, na siku zile nilikuwa naogopa kila kitu. Jua ndilo nililoliogopa zaidi. Lilikuwa limenishinda kwenye harusi moja, bibi harusi akatoka uso mweusi tii ndani ya gauni linalong'aa, na flashi yangu ndogo ya zamani ikawa inawaka bure tu. Mama wa bibi harusi alinipa maneno ambayo siyarudii hapa. Sikuwa tayari mama yangu mimi atoke vile. Nikabeba ile kubwa, na betri yake nzito kama tofali.

Niseme wazi kilichokuwa kinatukimbiza. Mama alikuwa na uvimbe kwenye taya, upande wa kushoto. Kesho yake asubuhi alikuwa analazwa, keshokutwa wanamkata. Daktari alitueleza kwamba uvimbe utatoka na kipande cha mfupa, na mshipa unaoinua mdomo huenda ukaenda nao. Atakula, alisema, ataongea, ila kicheko hakitakuwa kile mlichozoea. Mama alikuwa amesikiliza habari za visu na damu bila kutikisika. Hapo tu ndipo aliponigeukia.

“Basi unipige picha nikicheka. Kule juu, kwenye kamba zangu.”

Na kucheka kwenyewe kulikuwa kumeshaanza kumtesa. Akicheka, maumivu yalimpanda hadi sikioni, akabaki ameshika shavu, hawezi hata kumeza mate. Kwa hiyo nyumbani tulikuwa tumenuna kwa makusudi. Kaka yangu, ambaye hata msibani hawezi kufunga domo lake, alimeza utani wake wote. Mama alisema kimebaki kicheko kimoja, anakiweka akiba.

Sasa kuna jambo la kwetu. Tangu nianze kazi hii, mama ndiye ninayempimia mwanga. Kabla mteja hajafika namwita aache pasi, asimame pale mteja atakaposimama, nampiga, naangalia, nafuta. Naye akajitungia sheria: ya kwanza ya mwanga, ya pili ya mtu. Ya kwanza anasimama uso mkavu, kama picha ya kitambulisho, maana haihesabiki. Taa ikishampiga machoni tu, anaachia kicheko, na ile flashi yangu ndogo inakuwa tayari kabla hajafunga mdomo. Hizo nazo nilizifuta. Nani anaweka picha za kupimia?

Kaka aliibeba betri ngazi zote, akinung'unika. “Hii ni taa au ni injini ya kisima?” Nikamkata jicho.

Tulimkuta mama ameshatangulia. Hakuwa na kazi ya mteja yeyote siku ile, lakini alikuwa ameyatoa mashuka yetu wenyewe kabatini, masafi, akayalowesha upya ili yaning'inie vizuri. Amevaa gauni lake la bluu na hereni. Kwenye kola amebana vibanio vya nguo kama kawaida yake, na nilipomwambia avitoe alinitazama kama nimemwambia avue viatu barabarani. Nikaviacha.

Kaka alishika stendi ya taa, upepo usije ukaiangusha. Mimi nikaibana kamera ipokee mwanga kidogo, mpaka mashuka yakaacha kuchoma macho, yaani uso wa mama ukawa gizani kabisa, unangoja taa tu. Nikamwambia mahali pa kusimama. Nikamwambia ainue kidevu, asogee kulia, asifuate macho ya kaka. Yote hayo nilimwambia.

“Tayari, mama?”

“Toka jana.”

Nikapiga. Taa ikawaka kwa kishindo, na kwenye kioo cha kamera nikaona uso wa mama, mkavu, umetoka safi, kila mkunjo mahali pake. Jua lilikuwa limeshindwa. Nilifurahi kijinga, nikasahau kabisa niko na nani.

Kisha nikasikia kicheko. Kile chake cha kwikwi, kinachoanzia puani. Ya pili ya mtu.

Kidole kikabonyeza chenyewe, macho yangu yangali kwenye kioo. Taa haikuwaka. Nikageuza macho kwenye kitaa cha nyuma, chekundu. Nikabonyeza tena. Chekundu. “Waka,” nilisema, nikiitukana moyoni, “waka, waka.” Kikageuka kijani, taa ikalia pii, nikarudisha macho kwa mama. Alikuwa ameinama, kiganja shavuni, machozi yanamtiririka.

Kaka alitaka kumwendea, lakini hakuweza kuiachia stendi. Mashuka yalipiga huku na huku.

“Nimetoa yote,” mama alisema alipoweza kusema. “Umekipata?”

Nilitazama kioo cha kamera. Mashuka meupe, mbingu nzuri, na katikati yake kivuli cheusi cha mama yangu. Hereni moja tu ndiyo iliyong'aa. Kamera yangu ni kuukuu, haisamehi giza. Nilijua hata kompyuta haitafukua humo zaidi ya chengachenga.

“Sijakipata, mama. Taa ilikuwa haijawa tayari. Sikukwambia. Ni mimi.” Na hapo nikashindwa, nikalia mbele yake, mimi ndiye niliyepaswa kuwa na nguvu siku ile.

Alijaribu tena. Midomo ilipanda kidogo, ikatetemeka, ikashuka. “Hakiji,” alisema kwa upole. Kaka akafungua mdomo kutia neno, mama akamwinulia kidole. “Usithubutu wewe.”

Nikampiga nyingine kadhaa, kitaa kikiwa kijani kila mara, uso wake mkavu. Zilitoka safi sana. Bwana Wati angezisifu.

“Basi, mwanangu,” alisema mwishoni, akiukunja ukingo wa shuka. “Wewe si uliniona?”

“Nilikuona, mama.”

“Kilikuwa kizuri?”

“Kizuri mno.”

“Basi utakuwa unanikumbusha, siku nikikisahau.” Akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akaanza kuanua.

Kaka alinikazia macho. Alikuwa ameishika taa muda wote, na mimi nilikuwa naangalia karibu na mkono wake. Alijua macho yangu yalikuwa wapi.

Tulishuka na mizigo. Ngazi zilipokata kona akaiweka betri chini.

“Ulikuwa unaangalia taa,” alisema.

“Ndiyo.”

“Hukukiona hata kidogo?”

“Hata kidogo.”

Juu tulisikia kapu la nguo likiburutwa. Mama anakuja.

“Niambie kilikuwaje,” nilimsihi. “Niambie yote kabla hajafika.”

Kaka yangu, mtu asiyekosa neno, pale kwenye ngazi akajaribu kunionyesha kwa uso wake mwenyewe, akauinua mdomo taratibu upande wa kushoto, nami nikamtazama bila kupepesa.